Baba, usikubali upasuaji kwa ajili yetu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Picha ya majibu ya vipimo vyako vya saratani ya tezi dume uliyonitumia nimeikuza mpaka herufi zikafifia, na macho yanarudi palepale: Gleason 3+3=6, na PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, 7.2. Baba Mdogo ameniambia umeshakubali kufanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi upesi ili sisi watoto tutulie. Naomba usikubali bado kwa ajili yetu.

Vile vinyama walivyochukua kwenye tezi dume vilitazamwa kwa darubini na kupewa alama kulingana na ukali wa seli; hiyo ndiyo Gleason. Siku hizi saratani huanzia 6, na kali kabisa ni 10. PSA yako nayo haijafika 10. Kama daktari alipopima kwa kidole hakukuta uvimbe mkubwa, na MRI, ile picha ya ndani ya mwili, inaonyesha ugonjwa haujatoka nje ya tezi, basi uko kwenye kundi la hatari ndogo. Saratani ya namna hiyo kwa kawaida hutambaa. Muda wa kufikiri upo.

Ndiyo maana ipo njia ambayo huenda hukutajiwa: kufuatiliwa kwa karibu. Huachwi hivihivi. Unapima PSA kila baada ya miezi kadhaa, MRI na vinyama hurudiwa kwa vipindi, na ugonjwa ukionyesha dalili za kukua, matibabu yanaanza. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi yuko mwaka wa sita kwenye njia hiyo. Juzi alinionyesha kidaftari chake, safu ya tarehe na safu ya PSA, kipande cha penseli kimefungwa kwa uzi. Alikiri kwamba wiki ya kusubiri majibu halali vizuri. Hilo nalo ulipime, maana si kila moyo unaliweza.

Uingereza waliwafuatilia wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi. Wengine walipasuliwa, wengine wakapigwa mionzi, wengine wakafuatiliwa tu. Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023: katika makundi yote matatu, takriban 97 kati ya 100 hawakufa kwa saratani hiyo. Lakini nisikufiche: kwa waliofuatiliwa, ilisambaa kwa watu kama 9 kati ya 100, na kwa waliotibiwa mapema ni kama 5. Na wengi wa waliofuatiliwa hatimaye walitibiwa.

Sasa unisamehe Baba, nitataja yasiyotajwa kati ya mzazi na mwana. Upasuaji unaweza kuacha mkojo ukivuja na kupunguza nguvu za kiume, wakati mwingine kwa kudumu. Mionzi huweza kusumbua haja kubwa, na nguvu hupungua taratibu. Tena, baada ya mionzi kupasua tezi ni kazi ngumu, ila baada ya upasuaji mionzi bado inawezekana. Yazungumze na Mama kabla hujasaini chochote.

Ile habari ya "kuhasiwa" iliyokutisha ni sindano za kushusha homoni za kiume. Hutumika zaidi saratani ikiwa imesambaa, au pamoja na mionzi kwa wenye hatari kubwa. Kwa majibu haya, sioni kama ni zako.

Muulize daktari: je, nafaa kufuatiliwa? Usipofaa, akueleze kwa nini. Na uombe daktari wa mionzi naye akuone, si wa upasuaji peke yake.

Mimi pia nimeomba miadi ya kupima, kwa kuwa baba akiugua hatari ya mwana huwa kama mara mbili. Jumapili jioni nitapiga. Uwe na karatasi ya majibu karibu, na Mama awepo.

Mwanao