Kifungua mimba amekwisha kulea

Mhariri,

Ripoti mliyochapisha kuhusu vijana wasiotaka kupata watoto imelaumu gharama ya maisha pekee, ilhali malezi nayo yana sehemu yake. Wengi wao walizaliwa wakati mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto karibu 5 (mwaka 2022 ulikuwa 3.4), na binti kifungua mimba ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni huku akikoroga uji, kaka yake akiwa uwanjani. Aliyemaliza utoto wake akilea hana haraka ya kuirudia kazi hiyo, na kumwita mbinafsi, kama wapendavyo shangazi zetu harusini, ni kumwonea.

Wazazi wawagawie wavulana kazi hizo pia, nazo serikali za kaunti zifungue vituo vya kulelea watoto karibu na masoko, ili muuza mboga asilazimike kumwachia mwanafunzi mtoto mchanga.

Msomaji,
Nakuru