Wakala anauza barua, viza haimo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwaseme mawakala wa masomo ya nje, na nijiseme mwenyewe humo humo.

Mpwa wangu alipata kozi ya upishi ya wiki sita Ulaya, katika moja ya nchi za Schengen, yaani zile zinazotumia viza moja ya pamoja. Wakala, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitenge Kariakoo, alimkabidhi barua ya chuo yenye muhuri akamwambia, "Hapo umeshafika, bado tiketi tu." Siku hiyo nyumbani kulipikwa pilau. Hakuna aliyetuambia kwamba hata kwa wiki sita tu, ubalozini unaulizwa.

Masharti yenyewe si siri. Kwa kukaa siku zisizozidi 90, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya kuondoka huko, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya safari ianzie euro 30,000. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Sisi miadi yetu iliangukia siku 19 kabla ya kozi, maana wakala aliikalia barua mpaka tummalizie pesa yake.

Lakini kilichotuangusha ni taarifa ya benki. Wakala alisema akaunti "inenepeshwe". Nikakopa Saccos milioni 12, nikamwekea kijana. Karatasi ile hata mtoto angeisoma: miezi miwili na nusu salio linacheza kwenye elfu themanini, elfu arobaini, halafu Jumanne moja milioni 12 zinatua kwa mpigo. Afisa wa viza anataka kujua fedha imetoka wapi, na nini kitamrudisha kijana Dar. Tungesema ukweli kwamba mjomba ndiye mdhamini, tukaambatisha hati zangu za mshahara na barua ya hoteli anakofanya kazi kwamba yuko likizo na kazi inamsubiri, tungekuwa na la kujitetea. Badala yake tulimfanya tajiri wa wiki moja.

Wakala alijibu nini? "Kijana hana nyota."

Na kila mteja anapewa maelezo yale yale, aende nchi yoyote, ilhali masharti hayafanani. Uingereza, kozi isiyozidi miezi 6 husomwa kwa viza ya mgeni, mradi chuo kimeidhinishwa. Ikizidi hapo, Mtanzania anadaiwa pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Marekani, kozi ya lugha ya kusoma muda wote hutaka viza ya mwanafunzi hata ikiwa ya wiki chache.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ina utaratibu wa kuwatambua mawakala wanaopeleka wanafunzi vyuo vikuu vya nje. Hawa wa wiki sita nani anawakagua? Ninachoomba: kabla hajapokea hata shilingi, wakala ampe mteja masharti ya ubalozi kwa maandishi, kwa Kiswahili, na aandike kama ada yake itarudi viza ikikataliwa. Yetu, milioni 1.2, haikurudi. Zile milioni 12 nilizirudisha Saccos. Riba ndiyo ninayoilipa hadi leo.

Mjomba mtu,
Tabata, Dar es Salaam