Konda wa Roysambu, asante sana

Tarehe 31 Desemba mathe alikuwa anatoka Mwingi, basi ikachelewa ikamshukisha Roysambu, hapa Nairobi, saa nne usiku, simu imezima, na mimi niko tao nangoja fataki (eti nilimwambia atajua njia, aibu yangu hiyo). Wewe ukamwona na gunia lake la maembe, ukanipigia na simu yako, ukamkalisha kiti cha mbele, ukamletea chai, gari ikajaa ukamwachia mwenzako squad (hiyo trip) ukabaki na mathe mpaka nikafika. Nikakutumia mia tano ukairudisha, ukasema mathe wako yuko Siaya hujamwona tangu Pasaka. Mwaka mpya ulinipata nimebeba gunia. Mwenye anamjua amwambie maembe yake yapo, na mkiona mzee amekwama steji ulizeni tu anaenda wapi.