Kundi hasimu la maharamia wa angani lisiwe nakala ya la kwanza

Mhariri,

Hadithi za maharamia wa angani zinazidi kuandikwa kwa Kiswahili, na ni jambo la kufurahisha. Lakini nyingi hukwama pahala pamoja. Mwandishi akishalijenga kundi lake la kwanza na likapendeza, huona linahitaji mpinzani, basi hulinakili. Bendera nyekundu inageuka kijani, nahodha mwenye jicho moja anakuwa nahodha mwenye mkono wa chuma, na ukatili unazidishwa ili msomaji asikosee wabaya ni akina nani. Kufikia sura ya tatu mapigano yamechusha, maana hakuna kinachogombewa. Naomba nafasi nieleze namna ya kuliunda kundi hasimu linalosimama kwa miguu yake.

Kabla ya jina, bendera na sura ya nahodha, tafuta kitu ambacho makundi yote mawili yanakihitaji na ambacho hakiwatoshi. Dhahabu haifai kwa kazi hii, kwani ikikosekana hapa hutafutwa kule. Kinachofaa ni kile ambacho bila hicho chombo hakiondoki gatini. Tuseme katika ulimwengu wako vyombo husafiri kwa kupanda mkondo wa nuru unaozunguka nyota kadhaa, na matanga yake hufumwa kwa uzi unaopatikana katika mwezi mmoja tu. Tuseme tena tanga hudumu safari 30, kisha huanza kuchanika. Ugomvi tayari umeshaanza, na hakuna aliyechomoa upanga.

Baada ya hapo yape makundi hayo njia mbili za kuishi zinazoharibiana. Kundi la kwanza, tuliite Kimondo, huvamia meli za wafanyabiashara na kupora shehena. La pili halivamii: limeshika milango ya mkondo na kumtoza kila anayepita. Mtoza ushuru anataka wafanyabiashara wengi, wapite salama, warudi tena. Mvamizi akimpora mmoja, wengine wanaogopa njia ile. Kwa hiyo kundi la pili linalazimika kumlinda mfanyabiashara dhidi ya Kimondo, ingawa lenyewe ni la wanyang'anyi. Huo ni uhasimu usiohitaji hata mhusika mmoja aliyezaliwa na roho mbaya.

Historia ya bahari ina mifano miwili ambayo kila mwandishi wa fani hii angenufaika kuisoma. Mwaka 1716 mabaharia wa Benjamin Hornigold, haramia wa Bahamas, walimvua unahodha kwa kura kwa sababu alikataa kushambulia meli za Waingereza, na nafasi yake akapewa Samuel Bellamy. Septemba 1717 mfalme wa Uingereza akatangaza msamaha kwa maharamia watakaojisalimisha. Hornigold aliupokea, kisha akatumwa kuwawinda wenzake wa zamani. Haramia mwingine, Charles Vane, aliupokea kwa muda tu, kisha akarudi kwenye uharamia. Gavana mpya Woodes Rogers alipofika Nassau, bandari ya maharamia hao, mwaka 1718, Vane alimwelekezea meli inayowaka moto akaponyoka. Kilichowagawa watu wa bandari moja kilikuwa karatasi ya msamaha. Na katika Bahari ya China Kusini, makundi yaliyounganishwa na Zheng Yi mwaka 1805 yalitambulika kwa rangi za bendera. Zheng Yi alipofariki mwaka 1807, mjane wake akashika uongozi pamoja na Zhang Bao wa bendera nyekundu. Mwishoni mwa 1809 Guo Podai wa bendera nyeusi alikataa kwenda kumwokoa Zhang Bao aliyekuwa amezingirwa, wakapigana wao kwa wao, na Januari 1810 Guo akajisalimisha kwa serikali. Miezi michache tu baadaye, Aprili, mjane na Zhang Bao nao wakajisalimisha. Kwa mwandishi, mifano hii ina jambo moja kubwa: serikali inapofungua mlango wa kutokea, swali la nani ataupitia kwanza hupasua kundi kuliko mzinga wowote.

Sasa nije kwenye fedha, sehemu ambayo waandishi wengi huiruka ilhali ndiyo yenye utajiri wa matukio. Mkataba wa mabaharia wa haramia Bartholomew Roberts, aliyeuawa mwaka 1722, ulimpa nahodha mafungu mawili ya ngawira, msimamizi wa mabaharia mawili, serahangi na mkuu wa mizinga fungu moja na nusu kila mmoja, na baharia wa kawaida fungu moja. Aliyepoteza kiungo alilipwa dola 800, yaani sarafu za fedha za Kihispania, kutoka mfuko wa pamoja. Chukua mfumo huo uupe Kimondo. Chombo chenye watu 50, nahodha na msimamizi wana mafungu 2 kila mmoja, maofisa watatu wana 1.5 kila mmoja, na 45 waliobaki wana moja moja: jumla mafungu 53.5. Wakipora mali ya sarafu 5,350, fungu moja ni sarafu 100. Wakifanikiwa mara moja kila miezi miwili, baharia hupata 600 kwa mwaka.

Watoza ushuru wao walipe mshahara: sarafu 40 kila mwezi, ngawira iwepo isiwepo. Kwa mwaka ni 480, yaani pungufu ya Kimondo. Lakini ikipita miezi minne mikavu, mtoza ushuru ana 160 mfukoni na wa Kimondo hana kitu. Sasa unajua nani atahama kambi, lini, na kwa nini. Mwenye deni linaloiva mwezi ujao hukimbilia kwenye mshahara. Kijana asiye na familia hukimbilia kwenye mafungu. Unajua pia kwamba wa Kimondo hushambulia kwa pupa baada ya miezi mikavu, wakati akili ya nahodha inasema wasubiri, na wakikataliwa watapiga kura wamwondoe.

Endelea na hesabu upande wa pili. Vyombo 10 vya watu 50 kwa sarafu 40 ni mishahara ya sarafu 20,000 kwa mwezi. Kama ushuru ni sarafu 200 kwa meli, lazima meli 100 zipite kila mwezi ili watu walipwe tu, bila matengenezo wala chakula. Kimondo wenye vyombo sita huenda wakapora meli tatu kwa mwezi, ila hofu ikizigeuza njia meli 30, pengo ni sarafu 6,000, mshahara wa watu 150. Hao ni mabaharia wa vyombo vitatu wanaosubiri malipo wakiwa na silaha mikononi. Mkuu wa watoza ushuru anayeyaona hayo ataamua kupigana, kukopa, kupandisha ushuru au kuwapunja watu wake, na kila uamuzi unatosha sura nzima.

Kuhusu nguvu za kijeshi, kosa la kawaida ni kulipatia kundi moja ukubwa usioshindika. Mmoja akimzidi mwenzake mara tatu, hapo pana windo na mwindaji, uhasimu umekufa. Vyombo 10 kwa sita vinatosha, mradi vile 10 vimetawanyika. Milango minne ya mkondo, vyombo viwili kila mlango, vinabaki viwili vya kufukuzia. Sita wakijikusanya wanaweza kuvunja mlango wowote ule. Hawawezi kuushika, kwa sababu wakiushika itabidi wakae hapo, nao watakuwa wawili wawili mlangoni.

Usisahau pumzi. Mtu mmoja hutumia takribani kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Watu 300 wa Kimondo wanahitaji kama kilo 252 kila siku. Wakifungiwa nje ya bandari siku 60, ni tani 15, kabla hujapima maji na chakula. Katika fantasia unaruhusiwa kuwapa mmea wa ajabu au hirizi ya kusafisha hewa. Amua tu nani anautunza, unakufa kwa nini, na kundi la pili linajua nini juu yake. Uganga wowote unaolipatia kundi hasimu ushindi ulipiwe na kundi hilohilo kwa kitu kinachouma: umri, kumbukumbu, chombo chenyewe. Uganga wa bure huua hadithi upesi sana, kwani msomaji huuliza kwa nini hawakuutumia jana.

Jambo la bendera na silaha halipewi uzito unaostahili. Haramia hataki kuvunja meli, anataka kuimiliki ikiwa nzima na shehena yake. Angani hili lina ukali wa pekee: kipande cha kilo moja kikienda kilomita 3 kwa sekunde hubeba joule milioni 4.5, takribani nguvu ya kilo moja ya baruti ya TNT. Risasi kama hiyo hupasua shehena na hewa pamoja. Kwa hiyo silaha kuu ya haramia ni ahadi: ukisalimu amri hutauawa. Bendera ndiyo inayoitangaza ahadi hiyo, na thamani yake inategemea kutimizwa kila mara. Hapa kundi hasimu linapata pigo lisilohitaji mizinga mingi. Watoza ushuru wapandishe bendera ya Kimondo, waikamate meli iliyosalimu amri, wawaue waliomo na kumwacha mmoja aende akasimulie. Kuanzia siku hiyo kila nahodha wa biashara atapigana na Kimondo hadi mwisho, na Kimondo watapoteza watu katika uvamizi ambao zamani haukumwaga damu. Mpe mtu mmoja wa watoza ushuru dhamiri inayomsuta kwa tendo hilo, una mhusika wa kuvuka upande.

Mwendo wa habari nao uamuliwe mapema, na usibadilishwe kwa kuwa ploti imebana. Mwanga hutoka Mwezini hadi Duniani kwa sekunde 1.3 hivi, na kutoka Jua kwa dakika 8 na kidogo. Kati ya nyota na nyota ni miaka. Ukiruhusu ujumbe kufika papo hapo, wakuu wataongoza kila pigano wakiwa wamekaa, na manahodha wako watakuwa matarishi tu. Ukisema habari hubebwa na vyombo kwa siku 12, wakuu wawili wanaweza kupatana leo na nahodha wao akachoma ghala siku ya tano, bila kuwa msaliti. Huyo atahukumiwa vipi? Swali hilo lina nguvu kuliko mapigano mengi niliyoyasoma.

Wanahitaji pia mahali pa kukutana bila kuuana. Mali ya wizi haina thamani hadi apatikane wa kuinunua, na mnunuzi mwenye ghala, mizani na watu serikalini si rahisi kumpata. Makundi yote mawili yamtumie huyohuyo. Bandari yake iwe na sheria chache zinazoeleweka: silaha hubaki chomboni, deni la bandari hulipwa kabla ya kung'oa nanga, anayepigana hapati tanga. Mnunuzi mwenyewe hapendi upande wowote ushinde kabisa, maana akibaki muuzaji mmoja, bei itapangwa na muuzaji huyo.

Majina yaje mwisho, na kila kundi liwe na zaidi ya moja. Hawa watoza ushuru wajiite Walinda Mkondo. Kimondo wawaite Watoza. Wafanyabiashara, wakiwa peke yao, wawaite Kupe. Msomaji akisikia jina lililotumika atajua mzungumzaji anasimama wapi, na mwandishi ameokoa aya nzima ya maelezo. Ndani ya kundi lenyewe weka watu watatu wasiofanana: anayeamini kweli kwamba wanalinda njia, anayejua ni unyang'anyi na anaupenda, na aliyeingia kwa kukosa pa kwenda. Wote watatu wakisema kwa sauti moja, bado una nakala.

Kwa wanaotuma hadithi fupi za maneno 2,000 au pungufu, haya yote hayaingii, wala hayatakiwi kuingia. Yaandike pembeni katika ukurasa mmoja, kisha onyesha chombo kimoja tu cha hasimu, mlango mmoja na siku moja ya mshahara iliyochelewa. Na ukurasa wako wa hadithi, Mhariri, ungewasaidia sana waandishi wa mfululizo kama ungewaomba watume ukurasa huo wa hesabu pamoja na sura ya kwanza. Mhariri wa hadithi akiwa nao mkononi ataona mapema kama vyombo vinaongezeka bila sababu kufikia sura ya sita, au kama tanga la safari 30 limeshapiga safari 50.

Msomaji na mwandishi wa bunilizi