Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Madarasa ya Uandishi na Maombi ya Vyuo

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliokwisha kuhitimu, hamjambo. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina baada yangu, kwa hiyo mimi nitasema juu ya kazi yenyewe.

Sehemu kubwa ya mwaka ilikwenda kwenye madarasa ya Jumamosi. Kwa Kidato cha Nne tulishughulikia karatasi ya 102/1, yaani Insha ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya: insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, alama 20 kila moja, kwa saa moja na dakika 45. Tatizo mnalijua. Mtahiniwa amekariri mwanzo tangu shule ya msingi: jua linachomoza, ndege wanatumbuiza, yeye anajinyoosha kitandani. Mpe mada ya ufisadi, jua ni lilelile na ndege ni walewale. Kamati iliamua kwamba kwetu mwanzo wa kukariri unakatwa kwa kalamu nyekundu. Baadhi yenu mlinung'unika kuwa watoto watapoteza alama za mtindo. Nimewasikia na sikubaliani nanyi. Methali iliyokaa mahali pake ni mtindo. Sita zilizopangwa foleni ni kujaza ukurasa.

Wazazi nao waliuliza kwa nini tuwachoshe watoto ilhali maombi ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hayana insha. Ni kweli: mwenye C+ anachagua kozi ya digrii, na kinachopimwa ni alama zake. Lakini muhula wa kwanza chuoni anakutana na somo la Stadi za Mawasiliano na kazi za kurasa kadhaa zinazotaka hoja, na huko hakuna wa kumshika mkono.

Kundi lililotushughulisha zaidi ni dogo: waliomaliza shule na wanaotafuta ufadhili Marekani. Njia hiyo si ngeni kwa Wakenya. Mwanasiasa Tom Mboya alisafirisha vijana 81 kwa ndege moja mwaka 1959 kwenda kusoma huko, na siku hizi ipo miradi ya kuwasaidia waombaji: Zawadi Africa, iliyoanza 2002 kwa ajili ya wasichana, na KenSAP, iliyoanza 2004. Vyuo vingi vya huko hupokea maombi kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, ambayo ina insha binafsi isiyopungua maneno 250 wala kuzidi 650. Hapo ndipo vijana wenye A ya Kiingereza walipokwama.

Nadhani sababu ni malezi, wala siyalaumu. Tumewafundisha kwamba mtu hajisifu na kwamba mtoto hajitangulizi mbele ya wakubwa. Leo tunawaambia wajieleze kwa watu wasiowajua. Rasimu za kwanza zilikuwa za aina mbili: orodha ya vyeo, kuanzia kiranja hadi katibu wa klabu ya mazingira, au kilio cha umaskini kilichoandikwa ili msomaji alie pia. Tukawapa zoezi moja tu: andika jambo ulifanyalo bila kuagizwa na mtu. Msichana mmoja akaleta habari ya daftari la madeni la mamake, muuza mahamri: nani hukopa mwisho wa mwezi, nani husema "niandikie" kisha akabadilisha njia ya kwenda kazini. Hakuna neno "changamoto" hata mahali pamoja, na ukimaliza kusoma unamjua mwandishi.

Mzazi mmoja alipinga, akasema tunaanika mambo ya nyumba za watu. Hoja yake ina uzito. Tangu hapo hadithi ya nyumbani haitumwi kabla ya wenye nyumba kuisoma. Mama wa mahamri aliisoma, akamsahihisha bintiye bei.

Akili unde sitaizungumzia sana. Tangu 2023 Common App inahesabu kuwa ni udanganyifu kuwasilisha maandishi ya mashine kana kwamba ni yako. Anayeleta rasimu ya namna hiyo anaanza upya, kwa mkono, mbele yetu.

Lililonisikitisha zaidi ni barua zetu sisi walimu za kuwapendekeza wanafunzi vyuoni. "Ni mtiifu, ana bidii na anajituma." Barua hiyo inamfaa kila mtoto aliyewahi kuvaa sare, na kwa hivyo haimsaidii hata mmoja. Mwalimu wa Fizikia aliyeandika jinsi mwanafunzi wake alivyokataa jibu la kitabu akarudia jaribio mpaka jioni, huyo alimtendea haki. Naomba kila mmoja wenu awe na kijitabu cha mambo kama hayo tangu muhula wa kwanza.

Majibu ya vyuo hivyo hutoka zaidi mwezi Machi na mwanzoni mwa Aprili, kwa hiyo leo sina la kujivunia.

Gredi ya 10, darasa la kwanza la sekondari ya juu katika mtaala mpya, ilianza Januari 2026, na KCSE ya mwisho ya mtaala wa zamani ni ya 2027. Kwa miaka miwili tutakuwa na mitaala miwili mikononi. Kamati inapendekeza Gredi ya 10 waingie madarasa ya Jumamosi mapema, wakiwa bado hawana mtihani wa kuwatia hofu. Jambo hilo litapigiwa kura leo. Wasahihishaji hawatoshi, walio tayari, na hasa walimu wa sayansi, wampe katibu majina yao kabla ya chai.