Shamba la babu lisiuzwe

Livingston, California

Mama, shikamoo. Natumaini presha imetulia. Mimi mzima, kazi inaendelea.

Kaka amenipigia, anasema wajomba wamepata mteja wa shamba la babu la korosho kule Mkuranga na kila mmoja anataka chake mkononi. Kabla hawajasaini, naomba uwasomee habari za huku niliko.

Mwaka 1906 Mjapani mmoja mwenye gazeti San Francisco, Kyutaro Abiko, alianzisha hapa kijiji cha wahamiaji wenzake, kikaitwa Yamato. Wengi wao walikuja Marekani kufanya vibarua, wapate pesa warudi kwao. Abiko akawasihi wanunue ardhi, waoe, walee watoto hapahapa. Ardhi yenyewe mchanga mtupu, Mama, kama ule wetu, na upepo ulikuwa unafukia miche. Walipanda mizabibu na mipichi, na huku wakisubiri izae waliishi kwa mboga na viazi vitamu. Wakaunda ushirika, wananunua mahitaji pamoja na kuuza pamoja.

Mwaka 1913 California ikatunga sheria ya kuwazuia wahamiaji kama wao kununua ardhi. Halafu 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ikipigana na Japani, serikali ikawakusanya Wajapani wote wa pwani ya magharibi, hata waliozaliwa hapa. Hawa wa Livingston walipelekwa Merced, kisha kambi ya Amache, Colorado. Kwingine watu waliuza kwa bei ya kutupa, kila mtu na lake. Hawa walikubaliana kuweka mashamba yao chini ya msimamizi mmoja, Mzungu, awatunzie. Vita ilipoisha wakarudi, na wengi wao wakakuta ardhi bado ni yao. Wajukuu wao wanalima hapa hadi leo.

Nimeona mashamba hayo kwa macho yangu, ndiyo maana nasema kwa uchungu. Sisi hakuna anayetufukuza, tunajiondoa wenyewe.

Waambie wajomba wafuatilie hati ya kimila ya kumiliki shamba kwa serikali ya kijiji, iandikwe majina yote, na lako limo. Korosho ziuzwe kwa pamoja kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mgawo ufanyike mbele ya wote. Salfa, ile dawa ya mikorosho, ya msimu huu nalipia mimi, na palizi pia. Mjomba mkubwa akiwa na shida ya haraka, anipigie, tuzungumze.

Wasalimie wote hapo Mbagala.

Mwanao akupendaye