Battle Royale si hesabu ya maiti

Mhariri,

Kila inapotajwa Battle Royale, filamu ya Kijapani ya mwaka 2000 iliyoongozwa na Kinji Fukasaku, mazungumzo huishia kwenye damu. Watu huhesabu maiti, hubishana nani kauawa vibaya zaidi, kisha hutoa hukumu kwamba ni ukatili mtupu. Damu ipo, tena nyingi. Lakini watoto wale, wanafunzi wa darasa moja wanaolazimishwa na serikali kupigana hadi abaki mmoja, wanauana kwa sababu hawaaminiani, na kutoaminiana huko kumepangwa na watu wazima, kanuni kwa kanuni.

Zitazameni kanuni zenyewe. Wanafunzi 42, wawili wao wageni walioongezwa darasani, wanaamka kisiwani wakiwa na kola za chuma shingoni. Ukijaribu kuivua, inalipuka. Ukikutwa kwenye eneo lililotangazwa kuwa la hatari, inalipuka. Siku 3 zikiisha na waliobaki hai ni zaidi ya mmoja, zinalipuka zote. Kila baada ya saa 6 vipaza sauti vinasoma majina ya waliokufa na kutaja maeneo mapya ya hatari. Hila kubwa iko kwenye hayo maeneo, maana bila hayo watoto wangejificha wakasubiri. Silaha nazo hutolewa kwa bahati nasibu: mwingine bunduki, Shuya, mvulana aliye mhusika mkuu, mfuniko wa sufuria, na msichana Noriko, anayeandamana naye, darubini. Mwenye mfuniko atamwogopa kila anayemkaribia, na mwenye bunduki anajua inatamaniwa.

Halafu rudini kwenye tukio la mnara wa taa, ambalo kwangu ndilo moyo wa filamu. Wasichana sita wamejifungia humo, wanapika, wanacheka, wanamuuguza Shuya aliyejeruhiwa. Walau hawa wameshinda mtego, unadhani. Lakini mmoja wao, Yuko, alimwona Shuya akigombana na mwenzao aliyekufa, akaamini ni muuaji, akatia sumu kwenye chakula chake. Rafiki yao mwingine anakionja kabla hakijamfikia mgonjwa, anaanguka. Papo hapo walioshirikiana kupika wanashikiana bunduki, kila mmoja akimtaja mwenzake. Watano wanakufa, na aliyebaki, mwenye sumu, anapanda juu ya mnara na kujirusha. Hakuna adui aliyeingia pale. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Fukasaku alijua anachokisema. Mwaka 1945, akiwa na miaka 15, yeye na wanafunzi wenzake walifanyishwa kazi kwenye kiwanda cha silaha. Kiwanda kiliposhambuliwa kwa mizinga, waliosalimika walijificha chini ya miili ya wenzao, kisha wakapewa kazi ya kuwaondoa waliokufa. Alieleza mara nyingi kwamba hapo ndipo alipoacha kuamini maneno ya watu wazima. Hasira hiyo imo katika kila tangazo la Kitano, mwalimu anayesimamia mauaji hayo kisiwani, anayesoma majina ya wafu kama anayeita mahudhurio.

Ndiyo maana mzozo wa kuipiga marufuku ulikuwa mzito Japani. Wabunge waliilalamikia kabla haijatoka, na ikatoka ikiwa imezuiwa kwa walio chini ya miaka 15, umri uleule wa wahusika wake. Msimu huohuo wa mwaka 2000 bunge lilishusha umri wa kijana kuweza kuadhibiwa kama mhalifu kutoka miaka 16 hadi 14. Mtoto wa miaka 14 alionekana anafaa kushtakiwa, ila hakufaa kutazama filamu inayouliza nani amemfikisha hapo. Mimi mtoto wa miaka 10 nisingemwonyesha, hilo halina ubishi. Wa miaka 15 ningemwonyesha, na ningekaa naye hadi mwisho.

Atakayeitafuta awe mwangalifu, kwani matoleo ni mawili. La kwanza lina dakika 114. La pili, la mwaka 2001, lina dakika 122: limeongezewa mechi ya mpira wa kikapu, utoto wa Mitsuko, mmoja wa wasichana wa darasa hilo, na vipande vingine vya kumbukumbu. Wengi hulisifu la pili kwa kuwa linafafanua zaidi. Kwa maoni yangu nyongeza hizo zinaeleza kile ambacho nyuso za waigizaji zilikwisha kukisema, na zaidi ya hapo zinauharibu mwisho. Toleo la kwanza linawaacha Shuya na Noriko wakiwa watoro wanaosakwa, na kwenye kioo linaandikwa neno moja: kimbia. La pili, baada ya neno hilo, linarudi nyuma kukumbuka.

Mpenzi wa sinema za Japani